Je, wajua? Bei ya dola ya "papo kwa papo" hulipwa keshokutwa

Pale Kibirizi, Kigoma, boti ya kutoka Kongo ikishafunga kamba, mama wa vitenge ana swali moja tu: leo dola ngapi? Noti zake zinageuzwageuzwa kwenye mwanga, iliyochanika pembeni anarudishiwa, anahesabiwa shilingi, anapanda bajaji. Hapo ni papo kwa papo kweli.

Mabenki nayo yana biashara wanayoiita hivyo hivyo, lakini mkipatana bei leo, fedha huingia baada ya siku mbili za kazi. Mkipatana Alhamisi, mnalipana Jumatatu. (Dola ya Marekani kwa ya Kanada ni siku moja.) Sasa papo iko wapi? Iko kwenye bei. Ikishakubaliwa imefungwa, hata dola ipande usiku huohuo.

Siku mbili ni desturi ya enzi za simu za maandishi na makaratasi, ila sababu yake haijaisha. Benki ya Dar es Salaam ikiuza dola haitoi noti kabatini. Dola hizo zimo kwenye akaunti Marekani, na shilingi zinalipwa hapa. New York ikiamka, kwetu ni mchana. Pengo hilo limewahi kuumiza watu: tarehe 26 Juni 1974 benki ya Herstatt ya Cologne, Ujerumani, ilifungwa jioni. Wenzake walikuwa wameshailipa maki za Kijerumani. Dola walizozisubiri New York, ambako bado ilikuwa asubuhi, hawakuziona.

Bei yenyewe haitoki kwenye jengo lolote. Mabenki yanaulizana kutwa nzima, na anayeulizwa hutaja bei mbili: ya kununua na ya kuuza. Benki Kuu hutangaza bei elekezi kila siku ya kazi, kisha duka la kubadilisha fedha pale mjini linaweka faida yake. Tuseme linanunua dola kwa shilingi 2,580 na kuuza kwa 2,640. Ukiuza dola 100 ukajuta ukazirudia palepale, umeacha 6,000 kaunta. Ndiyo maana wanakuchekea sana.

Faranga za Kongo je? Ni mabenki machache mno duniani yanayopangiana bei ya faranga kwa shilingi moja kwa moja, basi hesabu hupitia dola. Dola moja ikiwa shilingi 2,600 na faranga 2,000, faranga moja ni shilingi 1.3. Lakini umevuka milango miwili, na kila mlango una mwenyewe. Si Kigoma tu: hesabu ya Benki ya Malipo ya Kimataifa ya mwaka 2022 ilikuta dola iko upande mmoja wa takribani asilimia 88 ya biashara yote ya fedha za kigeni. Mama wa vitenge hajaisoma ripoti hiyo, lakini faranga zake alishazigeuza dola kabla hajapanda boti.