Oksijeni singileti: rangi na nanofuwele zinavyoizalisha kwa mwanga

Oksijeni tunayoivuta ni pole. Husafiri kwenye damu mchana kutwa bila kuunguza kitu. Ikiongezewa nguvu kidogo hugeuka kuwa oksijeni singileti, na hiyo hushambulia mafuta na protini za seli papo hapo. Kwenye maji huishi mikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde) chache tu, kwa hiyo huua palepale ilipozaliwa.

Mwanga peke yake hauipi oksijeni nguvu hiyo kirahisi. Unahitaji dalali, na dalali huyo ni rangi. Mwaka 1900, mjini Munich, mwanafunzi Oscar Raab alieleza kwamba rangi ya akridini iliua vijidudu vya paramesia penye mwanga, lakini gizani viliishi. Methilini bluu, ileile ya kupakia slaidi za makohozi ya TB maabara, nayo ina tabia hiyo. Leo baadhi ya saratani hutibiwa hivi: mgonjwa hupewa rangi, kisha uvimbe humulikwa.

Tatizo ni kina. Gizani, funika tochi ya simu kwa kidole: kidole chote huwa chekundu, kwa sababu damu imeshameza kijani na bluu. Hata huo wekundu hufifia upesi ndani ya nyama. Uvimbe uliojificha chini haufikiwi.

Hapo ndipo nanofuwele inapoingia, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Ni punje ya nanomita chache hadi makumi kadhaa (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Iliyotiwa metali za iterbi na erbi hunasa infraredi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 980, isiyoonekana kwa macho lakini inayopenya zaidi, ikajumlisha vifurushi viwili au zaidi vya nguvu hiyo na kutoa mwanga wa kijani au mwekundu. Rangi iliyobandikwa juu yake huupokea na kuipasia oksijeni nguvu. Lazima viwili hivi vikae karibu mno, kwa kawaida chini ya nanomita 10. Ukivitenganisha zaidi, makabidhiano hudhoofika haraka. Na rangi ichaguliwe kwa mwanga unaotoka: rozi bengali hufaa kijani, methilini bluu hufaa nyekundu.

Hasara ipo. Sehemu kubwa ya nguvu hupotea njiani, na maji ya mwilini hufyonza nanomita 980 hata nyama ikapata joto. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huongeza metali nyingine, neodimi, kwenye fuwele, ili wamulike kwa nanomita 808, ambazo maji huzifyonza kidogo sana.