Kopo moja la maziwa, kifungo cha miaka mingapi?

Asubuhi moja pale Langoni, mjini Lamu, kijana alitoka dukani na kopo la maziwa ya unga ndani ya fulana, na hakulipita hata duka la pili. "Mwivi!" alipiga ukelele mwenye duka, na Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, ambao siku zote huzibwa na punda, siku hiyo ukazibwa na watu. Kijana akapelekwa polisi, kopo nalo likaenda naye. Kesi yenyewe ikaanza kusikilizwa barazani.

Kila mzee alikuwa na sheria yake. Mmoja alisema kopo ni kitu kidogo, miezi sita basi. Wa pili akataka viboko (amechelewa, Kenya iliondoa adhabu ya viboko mahakamani mwaka 2003). Wa tatu alinyamaza mpaka kikombe cha kahawa kikaisha, ndipo akauliza: "Na lau angaliliiba kopo hilo hilo botini, likivuka kutoka Mokowe?" Watu wakacheka. Mimi swali likanikaa, nikaenda kutafuta.

Nilichokuta kwanza ni kwamba Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, haina kosa linaloitwa wizi wa dukani. Hilo ni jina letu la mitaani. Anayeficha kopo kwenye fulana hushtakiwa kwa wizi tu, sawa na aliyeondoka na baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Kifungu cha 268 kinaeleza kuiba ni nini, na cha 275 kinataja adhabu yake: kifungo kisichozidi miaka 3. Bei ya kitu haiulizwi. Kiberiti kimo humo, televisheni nayo imo humo.

Lakini kifungu cha 275 kina mkia. Kinasema miaka 3 ndiyo adhabu, isipokuwa pale ambapo mazingira ya wizi au aina ya kitu kilichoibwa yameandikiwa adhabu nyingine. Mkia huo ndio uliobeba swali la yule mzee, kwa hiyo tulifuate kopo safari yake nzima.

Mzigo wa Lamu huja kwa lori mpaka Mokowe, upande wa bara, hushushwa gatini, hupakiwa botini, ukavuka. Kifungu cha 279 kinasema kitu kikiibwa kwenye chombo cha majini, au kwenye gari, au mahali panapowekwa mali iliyo safarini, mwizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Basi kopo likiibwa juu ya lori ni 14. Likiibwa gatini, penye mzigo unaosubiri kuvuka, ni 14. Botini, katikati ya maji, 14. Na boti ikipanda mwamba au ikikwama, wizi wa mali iliyomo umetajwa peke yake katika kifungu hicho hicho, kwa miaka ile ile 14. Wako wanaodhani kwamba chombo kikishavunjika, kilichomo ni halali ya atakayetangulia kufika. Sheria inaona kinyume kabisa.

Kutoka gati ya Lamu kopo hupanda punda. Je, punda ni gari? Hilo nawaachia mawakili. Ila ukimwiba punda mwenyewe hakuna ubishi: kifungu cha 278 ni cha wizi wa mifugo, kifungo hadi miaka 14, na punda ametajwa humo pamoja na farasi, ngamia, ng'ombe, mbuzi, nguruwe na hata mbuni. Kuku hayumo. Paka pia hayumo, na sisi huku paka ndio wenye mji.

Sasa kopo limefika rafuni. Mteja akiliiba: miaka 3. Akiliiba mfanyakazi wa duka: kifungu cha 281, hadi miaka 7, kwa kuwa ameiba mali ya aliyemwajiri. Akivunja mtu duka usiku akalichukua: hadi miaka 7, kifungu cha 306. Mama akilinunua kwa halali, akalitia kikapuni, na mtu akalichomoa kikapu kikiwa mkononi mwake, tumerudi kwenye 279, wizi kutoka mwilini mwa mtu: 14. Akifika nalo nyumbani likaibwa jikoni: 14 tena, maadamu thamani yake inapita shilingi 100.

Umeona? Safari yote kutoka bara mpaka jikoni, kopo lina adhabu nyepesi kabisa mahali pamoja tu: juu ya rafu, mbele ya mteja.

Kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu ni historia. Kanuni hii ililetwa na serikali ya kikoloni mwaka 1930, na kielelezo chake kiliandikwa kwa ajili ya Queensland, Australia, mwaka 1899, kwa kukusanya sheria za Uingereza. Na huko Uingereza sheria ya wizi ilikuwa kama shuka ya viraka. Wenye meli walikuwa na kiraka chao, mabwana wenye watumishi chao, wenye nyumba chao. Wenye maduka nao walikuwa na chao, tena kikali kuliko vyote: sheria ya mwaka 1699 ilimtia kitanzi mtu aliyeiba dukani kwa siri kitu cha kuanzia shilingi 5. Ukali huo ulijishinda wenyewe. Wazee wa baraza la mahakama, yaani raia walioapishwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, waliona uzito kumnyonga mtu kwa kitambaa, wakawa wanaapa kwamba kitambaa kilikuwa na thamani chini kidogo ya shilingi 5. Katika miaka ya 1820 kiraka cha maduka kiling'olewa, na mwaka 1827 ikafutwa pia ile desturi ya kupima wizi mkubwa na mdogo kwa bei. Viraka vya meli, vya watumishi na vya nyumba vikabaki, vikaja mpaka kwetu.

Ushahidi ni ile shilingi 100 ya jikoni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 ilisema wizi wa nyumbani wa kitu cha pauni 5 ulistahili hadi miaka 14. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Piga hesabu, utapata mia yetu. Shilingi yenyewe imeshuka mpaka mia hainunui hata nusu kilo ya nyama, lakini ndani ya kifungu ingali pauni 5 za Malkia Victoria.

Hata hivyo sidhani kwamba yote ni mabaki. Mali ikiwa safarini haina jicho la mwenyewe. Mwenye duka yuko Lamu, kopo liko baharini, na aliye karibu nalo ni baharia na hamali tu. Mfanyakazi naye ana ufunguo. Lakini mwenye duka amekalia mali yake, tena maduka yetu mengi bidhaa ziko nyuma ya muuzaji, mteja anaonyesha kwa kidole. Anayeweza kujilinda, sheria imemlinda kidogo.

Kwingine wamerudi kwenye bei. Huko Uingereza, mwaka 2014 wizi wa dukani usiozidi pauni 200 uliwekewa utaratibu wa kuendeshwa kama kosa dogo, na California mstari ni dola 950. Wanafiqhi wa Kishafii nao, ambao ndio madhehebu ya wengi huku, huuliza mambo mawili ambayo kanuni yetu haiyaulizi kwa rafu: je, kitu kimefika robo dinari, na je, kilikuwa kimehifadhiwa mahali pake? Barazani haikosi mtu kuuliza mbona kijana hakupelekwa kwa kadhi. Ni kwa sababu Katiba, ibara ya 170, inampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Wizi haumo.

Kuna mtu mmoja hajatajwa bado, na barazani hakuna aliyemkumbuka: mnunuzi. Kijana akikimbia nalo, akaliuza mtaa wa Mkomani kwa nusu ya bei, yule anayelipokea huku anajua, au ana sababu ya kuamini kwamba ni la wizi, ameingia kifungu cha 322. Adhabu yake hadi miaka 14. Yaani aliyeiba, 3, aliyenunua, 14. Si lazima awe amenunua, pia. Kulificha, kulibeba, kumtafutia mwizi mteja, yote yamo. Ukisoma kwa haraka utadhani wameandika kinyume, lakini fikiria: nani huiba makopo sita ya maziwa ili ayanywe? Huibwa kwa sababu kuna mlango unaojulikana wa kuyapeleka.

Na usitegemee kusema "mimi sikujua." Mahakama hutazama bei uliyolipa, saa uliyouziwa, na muda uliopita. Ukikutwa na kitu kilichoibwa juzi tu, unatakiwa utoe maelezo yanayoingia akilini ya namna kilivyokufikia. Kopo lililofungwa bado, lenye kibandiko cha bei cha duka jingine, kwa nusu ya bei, saa nne usiku, ni kazi kulitolea maelezo.

Turudi kwa kijana. Wengi huamini mtu si mwizi mpaka avuke mlango. Sheria haisemi hivyo. Inasema kitu hakihesabiwi kuchukuliwa mpaka kisogezwe. Kukisogeza tu, kwa nia ya ulaghai na bila haki yoyote juu yake, kunatosha, hata kama mlango uko hatua kumi. Kinachowafanya walinzi wa maduka makubwa ya Malindi na Mombasa wamsubiri mtu mpaka ampite keshia ni ushahidi. Kabla ya hapo anaweza kusema nilikuwa naenda kulipa, nani atamkatalia? Akishaipita kaunta bila risiti, nia imejisema yenyewe.

Kuna hatua moja ambayo kijana hakuipiga, na pengine hajui ilivyokuwa karibu. Angemtishia mwenye duka ili abaki na kopo, wizi ungegeuka unyang'anyi, hadi miaka 14. Angempiga kofi moja, au angekuwa na mwenzake katika vitisho hivyo, au na kisu, ni unyang'anyi wa kutumia nguvu, kifungu cha 296(2), na adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu yenyewe ingali kitabuni. Kopo ni lile lile.

Sheria hiyo hiyo inamtazama na mwenye duka. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyemwona akiiba, kisha amkabidhi polisi bila kukawia. Hapo ruhusa yake imekwisha. Kumfungia stoo mpaka jioni, kumvua nguo, kumpiga, hakuna hata kimoja alichoruhusiwa, na kumjeruhi mtu kunaweza kumfunga mpigaji hadi miaka 5. Miaka 5, kwa sababu ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anakabiliwa na 3. Polisi nao wana saa 24 za kumfikisha mahakamani, ila muda ukiishia siku isiyo ya mahakama husubiriwa siku inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni huweza kumwona hakimu Jumatatu.

Na kama mwizi ni mtoto? Chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa, kwa Sheria ya Watoto ya 2022. Kati ya 12 na 14 huchukuliwa kwamba hajui baya na jema mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Miaka yote hii niliyoitaja ni kiwango cha juu, hakimu hateremshi 3 kama mtu anayepima sukari. Kwa kosa la kwanza na kopo moja anaweza kutoza faini, kumweka chini ya ofisa wa probesheni, au kumpa kazi za jamii chini ya sheria ya mwaka 1998: kufagia, kupanda miti, kusafisha hospitali. Kuna wakati mambo yalikuwa mepesi kueleweka kwa kutazama tu. Ngome yetu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, pale pale penye soko. Aliyeiba sokoni alifungwa akisikia bei za samaki. Leo ni makumbusho.

Nilimrudia mwenye duka nikamsomea yote, 3, 7, 14, mpaka kitanzi. Alinisikiliza huku akipima mchele. Kopo lake liko polisi, ni kidhibiti, na halirudi rafuni kabla mahakama haijaamua. Yeye ni shahidi, na kila siku ya kesi itabidi afunge duka. Alikuwa anafikiria kuomba kuiondoa kesi, jambo ambalo hakimu anaweza kulikubali au kulikataa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: kama polisi wameangalia chini ya kopo, maziwa yale muda wake unaisha mwezi wa ngapi.