"Sindano ya kulaza" hailazi tu

Ndugu wa mgonjwa wa akili husema: "Wamemchoma sindano ya kulaza." Basi siku akiacha kusinzia mchana, wanaamua dawa imeisha nguvu, au kapona, na vidonge vinawekwa kando. Wiki au miezi baadaye zile sauti anazozisikia peke yake zinarudi.

Usingizi ni athari ya pembeni tu. Klopromazini, mojawapo ya dawa hizo, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, husinzisha kwa sababu huziba pia vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vya histamini, kemikali ya mwili inayotuweka macho, sawa na zile dawa za mzio zinazomfanya mtu apige miayo. Kazi yenyewe iko kwingine: kuziba vipokezi, vya aina iitwayo D2, vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Haloperidoli, dawa nyingine ya kundi hilo, hulaza kidogo kuliko klopromazini, lakini hutuliza sauti na hofu ya kuandamwa vilevile, tena kwa miligramu chache badala ya mamia. Usingizi huja siku ya kwanza, na mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Sauti hufifia polepole, kwa wiki kadhaa.

Dopamini hiyohiyo husaidia kuongoza misuli. Ndiyo maana baada ya sindano ya haloperidoli kijana anaweza kukakamaa shingo, macho yakapinduka juu, na nyumbani wakaitwa wapunga pepo. Siwacheki, inatisha kweli. Lakini hiyo ni dawa, wala si pepo. Arudishwe hospitali upesi, kwani zipo dawa za kumlegeza, benziheksoli ikiwa mojawapo, kisha daktari aangalie upya kiasi cha dawa.