Mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa na uraia wake

Mtu wa Kigoma akisema "ng'ambo" hamaanishi mbali. Ni miji ya Ziwa Tanganyika: Uvira na Kalemie za Kongo, ni Bujumbura ya Burundi. Tunavuka na chumvi ya Uvinza, tunarudi na vitenge, na wengine wetu hubaki huko, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Kisha siku moja mtoto analetwa Ujiji kwa bibi yake, anapelekwa kuandikishwa darasa la kwanza, na mwalimu anaomba cheti cha kuzaliwa. Ni hapo familia nyingi hukumbuka kuja kwenye dawati letu la msaada wa kisheria.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtazama mzazi siku ile mtoto anapozaliwa. Kama baba au mama alikuwa raia wa Tanzania siku hiyo, mtoto aliyezaliwa nje ni raia tangu pumzi yake ya kwanza. Mzazi mmoja anatosha, na mama anahesabika sawa na baba. Hili la mama nalirudia kila mara, maana bado nawasikia wazee wakisema mtoto hufuata kwa baba. Kwa ukoo, sawa, hayo ni yenu. Kwa uraia, hapana. Huu unaitwa uraia wa kurithi, na hauombwi: mtoto tayari anao, kazi ya mzazi ni kuuthibitisha kwa karatasi.

Lakini uraia wa kurithi huvuka ziwa mara moja tu. Tuseme mama wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, amejifungua binti Uvira. Binti ni Mtanzania kwa kurithi. Amekulia huko, akaolewa na Mkongo, akajifungua Kalemie. Huyo mjukuu si Mtanzania, hata kama bibi yake hajawahi kulala nje ya Mwanga zaidi ya miezi miwili. Aliyeupata uraia kwa kurithi hawezi kumrithisha mtoto anayezaliwa nje. Binti huyo huyo angepanda boti hadi bandari yetu ya Kibirizi na kujifungua hospitali ya Maweni, mtoto angekuwa raia wa kuzaliwa, na mtoto huyo naye angeweza kuwarithisha watoto wake popote watakapozaliwa. Kwa hiyo binti zetu waliozaliwa ng'ambo wakishika mimba, hili lizungumzwe nyumbani mapema, kabla ya kuchagua hospitali.

Ndugu zetu wa Ulyankulu, mkoani Tabora, waliokuwa wakimbizi wa Burundi na kupewa mwaka 2014 uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba na kukubaliwa, nao huuliza. Katazo hilo haliwagusi, kwa sababu wao hawakurithi. Mtoto wao aliyezaliwa nje baada ya mzazi kuwa raia anarithi. Aliyezaliwa kabla, hapana.

Mtoto ambaye hakurithi bado ana njia. Mzazi aliye raia, au mlezi, anaweza kumwombea tajnisi angali chini ya miaka 18, na uamuzi ni wa Waziri. Wakati huo anahitaji kibali cha kuishi nchini kama mtegemezi wa mzazi wake. Akishavuka 18 ataomba mwenyewe kama mtu mzima: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika ile 10 iliyotangulia. Ni safari ndefu kwa kijana ambaye mzazi wake angeweza kumwombea akiwa darasa la tatu.

Kwa waliozalia mbali zaidi, msidhani kila nchi inampa uraia kila anayezaliwa kwake. Marekani na Kanada hutoa, isipokuwa kwa watoto wa wanadiplomasia. Uingereza iliacha mwaka 1983. Sasa inaangalia hadhi ya mzazi. Oman haitoi kwa sababu tu mtoto kazaliwa Muscat. Mwenye uraia wa nchi mbili anaweza kukaa nao utotoni, ila akifika miaka 18 Tanzania inamtaka aukane ule wa kigeni na kula kiapo. Akinyamaza, anapoteza Utanzania wake.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha nchi alikozaliwa. Kikaguliwe herufi kwa herufi kabla hamjaondoka dirishani: karani anayeandika Kifaransa atamgeuza Yusufu kuwa Youssouf bila nia mbaya, na huku jina hilo litawasumbua miaka. Kitafsiriwe, kiambatane na cheti na kitambulisho cha mzazi aliye raia. Kama mtoto hana pasipoti, ubalozi wetu Bujumbura au Kinshasa ndio mahali pa kuulizia hati ya dharura ya kusafiria.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana hapa mjini: kumwandikisha mtoto kana kwamba alizaliwa Ujiji. Mzazi anajiona mjanja, kumbe ameweka uongo juu ya uraia ambao mtoto alikuwa nao kihalali. Ni kosa la jinai, na huku mpakani maswali ya uraia hufika hadi kwa babu: alizaliwa kijiji gani, alizikwa wapi. Bibi atasema hivi, jirani vile, na Mtanzania halisi ataonekana mgeni. Kama cheti cha namna hiyo kimo sandukuni mwenu, kileteni tuone namna ya kukirekebisha kabla kijana hajapanga foleni ya kitambulisho cha taifa, NIDA.