Barafu ya Kibo haiyeyuki tu

Hapa Moshi, Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, ikijitokeza asubuhi na weupe wake umepungua, hakosi mtu wa kusema: barafu imeyeyuka, maji yameshuka hadi mto Karanga. Nimeyasikia maneno hayo sokoni na kwa wapagazi, na juzi nimeyasikia kwa mtu anayewafundisha watoto sayansi. Hapo ndipo nilipoona nisinyamaze.

Kuyeyuka ni yabisi kugeuka kimiminika. Kimiminika kikiwa gesi, kimevukiza. Gesi ikirudi kuwa kimiminika, huo ni mtonesho. Kimiminika kikirudi kuwa yabisi, kimeganda. Aliyemaliza darasa la saba anayajua. Linalosahauliwa ni badiliko jingine, sablimesheni: yabisi inageuka gesi bila kupita kwenye hali ya umajimaji hata kidogo. Vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini hupungua hivyo, siku hadi siku, na nguo hazilowi.

Sasa tupande mlimani. Kilele kiko mita 5,895, na wastani wa joto la hewa huko ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Mvua nyingi huishia chini msituni, kwa hiyo hewa ya juu huwa kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Upepo huo mkavu unapopita juu ya barafu, molekuli za maji huchomoka kwenye barafu yenyewe na kuondoka nao. Halidondoki hata tone.

Wapo wanaojua jambo hili lakini wanalisingizia kanieneo ndogo ya hewa, yaani hewa ya juu kukandamiza kidogo. Hapana. Kanieneo ya Kibo ni karibu nusu ya ile ya pwani, na kwa kanieneo hiyo maji bado hukaa kama maji bila shida. Ili yashindwe kabisa kuwa kimiminika, kanieneo ingebidi ishuke chini ya sehemu moja kwa mia ya ile ya pwani, na hakuna mlima duniani wenye hali hiyo. Kinachoila barafu kwa njia hii ni ukavu wa hewa.

Tofauti hii ina uzito wake kwenye hesabu ya nishati. Kilo moja ya barafu iliyofikia nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334 hivi ili iyeyuke. Kilo hiyohiyo, ili igeuke mvuke moja kwa moja, huhitaji kama 2,830, zaidi ya mara nane. Jua lilelile, basi, huondoa barafu kidogo sana kwa sablimesheni kuliko kwa kuyeyusha. Ukijiuliza barafu imewezaje kudumu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, hapo utapata sehemu ya jibu.

Sisemi kwamba huko juu hakuna kuyeyuka. Kuta za barafu zilizosimama wima hupigwa na jua kali moja kwa moja, na hata hewa ikiwa chini ya sifuri hutiririsha maji. Njia zote mbili zipo. Lakini juu ya uso bapa wa barafu ya kileleni, sablimesheni ina sehemu kubwa, na upungufu wa theluji mpya unaifanya hali iwe mbaya zaidi: theluji safi hurudisha mwanga wa jua, barafu kuukuu yenye vumbi huunywa.

Ninalolihofia hasa ni maji. Mito ya Karanga na Rau, na mifongo ya Wachagga, yaani mifereji yao ya maji, huishi kwa mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, kama mita 1,800 hadi 3,000 hivi. Mchango wa barafu ya kileleni ni mdogo sana. Anayeamini kwamba mto wake unatoka kwenye barafu atakikodolea macho kilele, na huku miti inayomshikia maji inakatwa nyuma ya kijiji chake.

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa karibu kilometa za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mtoto akikuuliza zile nyingine zimekwenda wapi, mwambie barafu inapungua, na kwamba sehemu yake imepaa hewani bila kuwa maji kwanza. Hilo la kuyeyuka mwachie, ila asidhani ndilo peke yake.