Simu Kuwa Nzito Baada ya Sasisho

Wateja wengi wa mafundi simu wa Ngamiani, Tanga, huamini kwamba simu inayokwamakwama baada ya kusasishwa imeharibiwa makusudi ili wanunue mpya. Mara nyingi sivyo: simu huwa inaziandaa upya programu zake na kuzipanga picha chinichini, kazi inayoipasha moto na kula chaji kwa siku moja au mbili. Shaka hiyo, hata hivyo, haikuzuka bure, kwani mwaka 2017 Apple ilikiri kupunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, ikieleza kuwa ilitaka zisizimike ghafla. Tiba ilikuwa betri mpya. Kukataa masasisho ndiko hatari zaidi, maana masasisho huziba mianya ya usalama katika simu tunazotunzia fedha. Uzito ukidumu, kagua kwanza nafasi ya kuhifadhia iliyobaki kwenye simu.