Jebel Nafusa: mlima wa Waamazighi unaoishi kwa mvua ya kubahatisha

Wengi wetu tukisikia Libya akili inakwenda kwenye mchanga, mafuta na Gaddafi, basi, hatuendi mbali zaidi ya hapo. Lakini ukitoka Tripoli ukaelekea kusini kama kilomita 80 hivi, ule uwanda tambarare unaoitwa Jefara unakatika ghafla na mbele yako linasimama genge refu la mawe ya chokaa, na hilo genge linaendelea kuelekea magharibi mpaka linavuka mpaka wa Tunisia. Hiyo ndo Jebel Nafusa. Miji yake ni Gharyan upande wa mashariki, halafu Yefren, Jadu, Kabaw, na mwisho kabisa Nalut karibu na Tunisia. Tafadhali usiichanganye na Jebel Akhdar ya mashariki ya Libya, kule karibu na Derna kwenye mafuriko ya 2023, wala na Jebel Akhdar ya Oman ambayo wengi hapa Unguja tuna jamaa huko.

Kitengo chetu cha elimu kwa umma hapa makumbusho tunaulizwa sana habari za Ibadhi, yale madhehebu ya Kiislamu, na karibu kila anayeuliza anadhani Ibadhi ni Oman na Zanzibar tu. Ndo maana nimeona niandike kuhusu huu mlima, maana wenyeji wake wengi ni Waamazighi, wale ambao vitabu vingi vinawaita Waberber, na wengi wao ni Ibadhi tangu karne za mwanzo za Uislamu. Lakini huwezi kuwaelewa hawa watu kama hujaielewa kwanza mvua yao, kwa hiyo naanza na hapo.

Mlima wenyewe si mrefu kihivyo, sehemu kubwa ni mita 600 mpaka 900 na kitu juu ya usawa wa bahari. Ila umekaa mahali pa ajabu. Kaskazini kuna bahari ya Mediterania, kusini kuna Hamada al-Hamra, jangwa la mawe mekundu ambalo unaweza kutembea siku nzima usione mti. Miezi ya baridi, kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi, upepo wenye unyevu unatoka baharini unapita juu ya Jefara ukifika kwenye genge unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaachia mvua. Ukishavuka kilele hauna kitu tena, kusini kunabaki pakavu. Na hiyo mvua yenyewe ni kidogo jamani, Gharyan wanapata kama milimita 300 kwa mwaka, Nalut hata 200 haifiki, wakati Unguja tunazidi 1,500. Tena si kila mwaka, unaweza kuja mwaka mzuri mashayiri yakajaa halafu ikafuata miaka miwili mitatu ya ukame mtupu, na hakuna wa kukwambia mapema. Wakati wa baridi Gharyan na Yefren mara nyingine theluji inaanguka kabisa.

Halafu kuna upepo wa gibli. Huu unatoka jangwani, hasa majira ya machipuo na mwanzo wa joto, na unapiga vumbi na joto kali kiasi kwamba mazao machanga yanaweza kuungua kwa siku chache tu. Hapo chini ya mlima, mahali panaitwa Al-Aziziyah, tarehe 13 Septemba 1922 kiliandikwa kipimo cha nyuzi joto 58, na kwa miaka 90 kikahesabika ndo joto kubwa kuliko yote duniani. 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likakifuta baada ya wataalamu kuchunguza daftari la kituo na kuona kuwa aliyesoma kipimo siku hiyo hakuwa na uzoefu na kile kifaa, anaweza kuwa amekosea kwa nyuzi 7 hivi. Bado kuna vitabu vya shule vina hiyo 58, mkikutana nayo wasahihisheni watoto. Hata ukitoa hizo nyuzi 7 hiyo sehemu ni moto kweli kweli.

Sasa watu wa mlimani walifanyaje? Walichimba na waliweka akiba. Ukiangalia karibu kila kitu tunachokiita urithi wao utakuta kinatokana na hayo mawili.

Kuchimba, nenda Gharyan. Kule kuna nyumba za chini ya ardhi, wanachimba shimo la mraba kwenda chini, mengine yanafika mita 10, hilo shimo ndo ua wa nyumba, halafu kwenye kuta za shimo wanachonga vyumba kuingia ndani, jiko, stoo, chumba cha kulala, na wanaingilia kwa njia ya mteremko inayoanzia mbali kidogo. Ukipita juu unaweza usijue kama chini yako kuna familia inaishi. Joto la udongo halibadiliki sana, kwa hiyo mchana wa Julai ndani ni baridi na usiku wa Januari ndani kuna uvuguvugu, bila feni wala hita. Si Waislamu peke yao walioishi hivyo, Wayahudi wa Gharyan nao walikaa kwenye nyumba hizo hizo vizazi na vizazi mpaka walipohama Libya karibu wote kati ya 1949 na 1951. Na misikiti mingi ya zamani ya Ibadhi kwenye huo mlima nayo imezama nusu ardhini, midogo, haina mapambo, ukuta mnene na mwanga kidogo tu.

Kuhusu akiba, hapa ndo mimi nnapopapenda zaidi. Kila mji mkubwa ulikuwa na ghala moja la pamoja, wanaliita qasr. Lile la Nalut limekaa ukingoni mwa genge, vyumba mamia vimepandana ghorofa juu ya ghorofa, vimejengwa kwa mawe na jasi, kila chumba kina mlango mdogo wa mbao za mtende na kila chumba ni cha familia moja. Kupanda juu unatumia vigingi vilivyochomekwa ukutani. Huko walihifadhi shayiri, tini kavu, na mafuta ya zeituni kwenye mitungi. Lile la Qasr al-Haj, chini kidogo ya mlima, ni la duara kama ngome, na watu husema lina vyumba 114 kwa hesabu ya sura za Qurani. Tazama hii akili: mwenye mazao anaweka mali yake nje ya nyumba yake, kwenye jengo la wote, kuna mlinzi mlangoni, na mwaka wa ukame ukija ile shayiri ya miaka ya nyuma ipo palepale kavu haijaoza. Hiyo shayiri ndo wanayopikia bazin, bonge la unga unalolisonga mpaka likaze halafu unalimwagia mchuzi pembeni, mtu wa kula ugali hapati taabu hata kidogo.

Maji nayo hivyo hivyo, walichonga mabirika kwenye mwamba kukinga mvua, na kwenye makorongo wakajenga vikuta vya mawe kukata mwendo wa maji ili udongo utuame nyuma yake, na kwenye huo udongo ndo wanapanda mizeituni na mitini. Zeituni ya huko ni ya zamani sana, Julius Kaisari wa Roma aliwatoza watu wa Leptis Magna, mji wa kale wa pwani ya Libya, faini ya pauni milioni 3 za mafuta kwa mwaka, ni kama tani 1,000 za leo, na milima ya upande wa mashariki, Tarhuna, ilijaa mashine za kukamulia wakati wa Warumi.

Tatizo la sasa ni kwamba watu wamehamia nyumba za saruji na maghala yamebaki matupu tangu karne iliyopita. Qasr isiyotumika haina wa kuziba nyufa, mvua moja kubwa inaingia kwenye jasi na ghorofa ya juu inashuka. Vile vikuta vya makorongoni ni hatari zaidi, kikivunjika kimoja cha juu maji yanakuja na nguvu yote kwenye cha chini, na udongo wa miaka mia unaondoka mchana mmoja. Kukarabati qasr kwa ajili ya picha za watalii huku vikuta vimeachwa ni kazi nusu kwa maoni yangu.

Lugha nayo ilibanwa. Wakati wa Gaddafi Kiamazighi hakikuruhusiwa mashuleni na hata kumpa mtoto jina la Kiamazighi ilikuwa shida. 2011 vita vilipoanza miji kama Yefren, Jadu na Nalut ilisimama dhidi yake, na vita havijaisha vizuri walimu wa kujitolea walikuwa tayari wanafundisha watoto Tifinagh, herufi za kuandikia Kiamazighi.

Na sisi tunaingiaje? Kwa Ibadhi. Kaskazini ya Afrika wamebaki sehemu tatu kubwa, Nafusa, kisiwa cha Djerba huko Tunisia, na bonde la Mzab la Algeria. Sheikh Atfayyish, mwanachuoni wa Ibadhi wa Mzab aliyefariki 1914, tafsiri yake ya Qurani ilipigwa chapa hapa hapa Zanzibar kwenye mtambo ulioletwa na Sultan Barghash. Na Sulayman al-Baruni, mtoto wa Nafusa aliyepigana na Waitaliano tangu 1911, mwisho alikimbilia Oman miaka ya 1920 akawatumikia Waomani mpaka alipofariki Bombay 1940.

Kwa hiyo ombi langu kwa familia za Unguja na Pemba, na jamaa mlioko Muscat. Kama kuna kabati la babu lina vitabu vya Kiarabu vya zamani, huenda humo mna kitabu cha Ibadhi kama hicho cha Atfayyish, kwa hiyo msivichome wala msivitupe kwa sababu hakuna anayevisoma. Msivibandike selotepu, msivifunge kwenye mifuko ya plastiki maana unyevu unanasa humo na ukungu unaanza, viwekeni mahali pakavu penye hewa, vilazeni msivisimamishe, na mlioko Unguja vipelekeni vikaangaliwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani.